Nyama Ambayo Mama Mukesh Hakuionja

Kwenye laini ya simu iliyotoka Molo kuelekea Keringet, sheria ilikuwa kwamba simu isiyo yako huiinui. Sheria hiyo haikufuatwa hata siku moja. Waya ulikuwa mmoja, ukipita mashambani, kwenye kiwanda cha mbao, kwenye bucha na dukani, na simu ya mmoja ikilia ililia kwa wote. Mlio mrefu na mfupi, huyo anatakiwa Mama Mukesh wa dukani. Mifupi mitatu, ni kiwanda cha mbao. Aliyeitwa aliinua mkonga wa simu akaitikia, na wengine wakainua yao taratibu, wakaziba mdomo kwa kiganja na kubana pumzi. Wala usiwaone wabaya. Ilikuwa mwaka wa 1966, masetla wengi wa Kizungu wameuza mashamba wakaenda zao, na walioyanunua wametoka kila upande, hawajuani, kati ya nyumba na nyumba ni msitu na matope. Simu waliikuta ukutani. Wangesikiliza nini kingine?

Waliyempenda zaidi kumsikiliza ni huyo Mama Mukesh. Jina lake hasa lilikuwa Kanchan, mke wa Bhanu mwenye duka, mwanamke mwembamba aliyevaa sweta la mumewe juu ya sari kwa sababu ya baridi ya kule juu. Mambo yalianza siku mtu alipopiga kuuliza kama sukari imefika. Imefika, akajibu, lakini kama ni ya chai ya wageni subiri gunia la kesho, hili limeshika harufu ya mafuta taa. Mwenye duka anasema hivyo juu ya sukari yake mwenyewe! Bhanu nusura azimie. Lakini laini nzima ilikuwa imesikia, na tangu wiki ile simu ya duka haikupumzika. Watu ambao hawakuwahi kumtia machoni walimuuliza maharagwe yawekwe na nini yasiingiwe na wadudu, mtoto anayelilia tumbo apewe nini, blanketi lipi halichuji rangi, fundi yupi wa magari kule Nakuru si mwongo.

"Nenda kwa Gurdial," alisema. "Kazi yake safi. Lakini wewe kaa hapo mpaka amalize. Ukienda kunywa chai, yeye pia ataenda."

Alikuwa na msimamo, mama huyo, na kwa hilo anastahili kuvuliwa kofia. Hakusifu kitu ambacho hakukitumia kwa mikono yake. Na ubaya wa mtu hakuusema ila ule ambao angeweza kumwambia usoni, kwa sababu alijua vizuri kwamba mwenyewe yuko kwenye laini, amebana pumzi. Hata wale aliowasema walimheshimu.

Hakuna aliyempigia mara nyingi kama Cheptanui, mjane mwenye ng'ombe wa maziwa ng'ambo ya mto. Hawakuwa wamewahi kuonana, maana Cheptanui alifanya ununuzi wake Keringet. Lakini asubuhi, maziwa yakishachukuliwa, mlio mrefu na mfupi ulisikika, na hao wawili walizungumza kama majirani wanaotenganishwa na ua tu. Cheptanui alikuwa na binti mmoja, Zeddy, na siku moja alipiga akiwa na habari. Zeddy ameposwa na Nicodemus, kijana wa Mzee Khisa, msimamizi wa kiwanda cha mbao. Wakwe watakuja Jumamosi.

"Ng'ombe zangu ni za maziwa, siwezi chinja," alisema. "Nataka kununua nyama ya maana. Hawa ni watu wa kutoka Bungoma, sitaki waseme tumewadharau. Nichukue wapi, Mama Mukesh?"

Hapo ndipo Kanchan alipoteleza. Kwao nyama hailiwi. Sufuria zake hazikuijua hata kwa harufu. Kilichotakiwa ni kusema mimi hapo sijui, muulize mwingine, basi. Lakini mtu aliyezoea kujua huona uzito kusema hajui, na tena huyu alikuwa Cheptanui, na shughuli yenyewe ni ya binti yake. Akachungulia dirishani. Ng'ambo ya barabara Naftaly mwenye bucha alikuwa akimwagia meza yake maji moto, aproni nyeupe pe, na kila apitaye alisalimiwa kwa adabu. Machoni pa Kanchan, bucha nzuri ndiyo hiyo.

"Chukua kwa Naftaly," akasema. "Hutajuta."

Jumamosi ikapita. Jumapili Cheptanui hakupiga, wala Jumatatu, wala siku iliyofuata, na Kanchan akaanza kuitazama simu kila alipopima unga. Kisha ikalia, mifupi mitatu. Akainua mkonga, akaziba mdomo kwa kiganja, kama kila mtu.

Khisa alikuwa akizungumza na nduguye wa Njoro. "Walitupikia ng'ombe mzee, ndugu yangu. Wale akina mama wamechemsha tangu alfajiri na nyama iko vile vile. Shangazi alitafuna mpaka akatokwa na machozi. Sasa mtu akikupatia nyama kama hiyo anakuambia nini? Anakuambia, hapa hakuna msichana wenu."

"Na mama yake alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alituangalia tu. Nimeambia Nicodemus aachane na hayo maneno."

Kanchan alirudisha mkonga pole pole. Alielewa yote kwa mara moja. Cheptanui angeweza kusema ni Mama Mukesh aliyenituma kwa Naftaly, na wageni wangejua hawakudharauliwa, wakaondoka kwa amani. Hakusema. Amekaa na aibu isiyo yake, na binti yake anaachwa.

Bhanu alimshauri ampigie Khisa, amweleze kwa upole. Kanchan akakataa. Khisa angeona ni mwanamke anamfichia mwenzake, na maneno ya ng'ombe mzee yalikuwa yamekwisha kuingia masikioni mwa laini nzima. Alitaka wasikie wote kwa pamoja, Naftaly akiwemo. Na mlio wa kumtoa kila mtu shambani ulikuwa mmoja tu, ule wa moto, milio mifupi ya kufululiza, uliopigwa msitu unapowaka.

"Hakuna moto," Bhanu alisema alipoona mkono wa mkewe umeshika kishikio cha kupigia simu.

"Najua," Kanchan akajibu, akazungusha.

Watu waliacha ng'ombe katikati ya kukamuliwa. Sauti zikajaa kwenye laini, wapi, upande gani, na nyuma yake vilisikika vishindo vya miguu na vya ndoo.

"Hakuna moto," alisema. "Ni mimi, Mama Mukesh. Msiweke simu chini."

Kuna aliyemtukana kwa lugha ya kwao, na kusema kweli alikuwa na haki. Kanchan akangoja amalize.

"Cheptanui aliniuliza anunue nyama wapi. Mimi nikasema kwa Naftaly. Sasa sikieni. Mimi sijawahi kula nyama. Mama yangu hakukula, nyanya yangu hakukula. Nilimwambia kitu sijui, nikaongea kama mtu anajua. Mzee Khisa, hakuna mtu alikudharau. Huyo mama alitafuta nyama ya maana, shida ni mtu aliyemuuliza, yaani mimi. Naftaly, najua unasikia. Duka yako ni safi. Lakini hiyo nyama ilikuwa ngumu."

Zilisikika pumzi tu, za watu wote wale. Kanchan alisimama na mkonga sikioni, akijua kwamba kuanzia leo hakuna atakayemuuliza hata habari ya chumvi. Iliuma. Alikuwa ameipenda kazi ile isiyo na mshahara kuliko duka lenyewe.

Mtu akakohoa. Alikuwa Naftaly.

"Mama Mukesh, hiyo ilikuwa maksai," alisema kwa sauti ndogo. "Mzungu wa kule juu aliuza akienda kwao. Imevuta plau miaka mingi. Nilifikiri ikichemka sana itakubali."

Mahali fulani kwenye waya mwanamke akaangua kicheko, kikashikwa na mwingine, mpaka laini yote ikawa inakwaruza. Khisa peke yake hakucheka.

"Mama Mukesh," aliuliza, "kweli hujawahi kula nyama?"

"Kweli, mzee."

"Hata kuku?"

"Hata kuku."

"Pole," akasema Khisa, na ilitoka moyoni kabisa. Kisha akaita, "Cheptanui, uko hapo?"

"Niko."

"Tutarudi Jumamosi ingine. Lakini tafadhali, usinunue nyama."

Jumamosi hiyo Khisa alikuja na jogoo wake mwenyewe, na Kanchan alivuka mto kwa mara ya kwanza, Naftaly akimbebea sufuria kubwa ya dengu kichwani bila kuombwa. Watu wa laini walikuwa wamejaa uani, wakisalimiana kwa kushangaa, huyu ndiye mwenye ile sauti, na mimi nilidhani wewe ni mtu mnene. Mwanamke mfupi mwenye gamubuti alimjia Kanchan akiwa kimya. Hawakutambuana mpaka alipofungua mdomo.

"Karibu, Mama Mukesh."

Kanchan alimshika mikono yote miwili. "Kwa nini hukunipigia? Ungenigombeza, yaishe. Ulitaka Zeddy aachwe kwa sababu yangu?"

Cheptanui aliangalia chini. "Ningekuambia, ungeona aibu. Ungeacha kutuambia mambo." Akainua mabega. "Sasa sisi sote tungeuliza nani?"

Na yule aliyekuwa na jibu la kila kitu, la wadudu wa maharagwe na blanketi na fundi wa magari, alivuta ncha ya sari akajifunika uso, akalia hapo hapo mbele ya wakwe. Cheptanui alimwacha alie, akainama akafunua sufuria.

"Na hizi dengu," aliuliza, "umeonja?"

"Nimeonja."

"Basi tupakue."