Joka Nililolipeleka Jumuiya

Jamani, hii habari siisimulii kwa raha. Watu wa kwetu Njombe wanaijua, wa Makambako nao wanaijua kwa namna yao, wameshaitia chumvi mpaka haitamaniki, kwa hiyo afadhali mnisikie mwenyewe nilivyoumbuka, mcheke mpaka mtosheke, halafu tuendelee na maisha.

Wakati huo nilikuwa na saluni pale Makambako, chumba kimoja cha kupanga kwa Mama Zuhura, ambaye mume wake alikuwa na malori ya kwenda Songea. Ndiyo ile miaka ambayo vitu vilianza kuingia nchini kwa fujo baada ya sisi kuzoea foleni za sabuni, mara mitumba, mara redio kubwa za spika mbili, mara dawa za nywele za kalikiti, na mimi binti wa Kibena niliyelelewa kando ya misheni nikajiona nimekuwa mtu wa mjini kwa sababu tu nina kioo kirefu na viti vya plastiki. Nilikuwa pia mchumba wa mtu. Anaitwa Method, fundi seremala, kwao ni nje kidogo ya Njombe, kijana mpole ambaye ukimuuliza swali anakuangalia kwanza kama anayepima ubao. Posa ilikuwa imeshapokelewa, ila mama yake alikuwa hajaniridhia. Yule mama alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, rozari haitoki mkononi, na neno "saluni" alikuwa akilitamka kama mtu anayetema mbegu ya limau.

Sasa siku moja kwenye mitumba, chini ya rundo la makoti, nikaona boksi mfano wa kitabu kinene, na ndani yake kaseti nne. Juu kuna picha ya joka jeusi la kutisha, mwanamume mwenye upanga, na mwanamke mwenye nywele za kufika kiunoni (kusema kweli nywele ndizo zilizonivuta, nikawa najiuliza ametumia dawa gani). Muuzaji akaniambia hiki ni kitabu kizima, kuna mtu amekisoma kwa sauti, kazi yako ni kulala kitandani na kusikiliza. Nikanunua mbio mbio, nisije nikawahiwa.

Nikaazima redio ya Mama Zuhura, nikajifungia, nikaweka kaseti ya kwanza. Kiingereza changu kilikuwa kile cha darasani, cha kujibia mtihani, na nusu yake ilikuwa imeshaniponyoka, lakini hata hicho kidogo nilichoambulia kilinivunja moyo. Upande mzima mvua inanyesha! Mwanamume ana sauti nzito kama anaumwa kifua, anamwambia mwanamke kwamba yeye ni mtu wa hatari, mwanamke anasema siogopi, mwanamume anasema uogope, mwanamke anasema siogopi, basi, upande umeisha. Nikageuza. Huku sasa wamepanda mlima, wamehema, wamekaa chini, wamehema tena. Na mimi nasubiri joka. Joka halikuja, lilitajwa tu, na mahali fulani kwa mbali nilisikia kitu kama limekohoa. Kaseti ya pili ilinikuta nimeshalala. Nikasema basi, nikaliweka lile boksi dirishani pale saluni liwe pambo, maana picha angalau ilikuwa ya kupendeza.

Hapo ndipo mama mkwe aliponitokea. Alikuwa amekuja Makambako kuuza viazi, akaona apite bila taarifa aone mkwe anashindaje.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, mama, karibu, karibu ukae."

Hakukaa. Macho yake yalipita kwenye picha za mitindo ukutani, yakapita kwa mteja wangu aliyekuwa na kofia ya nailoni kichwani na dawa inamchuruzika shingoni, yakafika dirishani, yakatulia. Uso ukafunguka, nawaambia, kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Ee! Si yule mtakatifu aliyeua joka huyu? Yule wa kwenye kalenda?"

Ningeweza kusema hapana, mama, ni mapenzi ya Wazungu. Yalikuwa maneno machache tu. Lakini ilikuwa mara ya kwanza yule mama ananitazama bila kukunja uso, nikaona nisiharibu.

"Ndiyo, mama."

"Na hizo kaseti zinasimulia?"

"Zinasimulia. Kwa Kiingereza."

"Nawe unakielewa?"

Mteja wangu kageuza shingo yote ananitazama.

"Nakielewa, mama."

"Basi Jumapili jumuiya inasali kwangu. Njoo nazo, utatutafsiria. Ulete ile ya mwisho, anapoliua, maana watu wana ng'ombe wa kukamua."

Mngekuwa ninyi mngesema mnaumwa. Mimi nikajiambia, kwani shida iko wapi, kitabu chenye joka na mtu mwenye upanga kitaishia wapi kama si joka kuuawa? Nikarudi kuazima redio kwa Mama Zuhura, akanipa, ila akanionya: "Skola, huko hakuna umeme, na betri hizo ni za tangu Idi. Nunua nyingine." Nikajaribu, redio ikaongea vizuri tu, nikaona zitafika. Hata ile kaseti ya mwisho sikuisikiliza, niliogopa kuzimaliza betri (akili hizo!).

Jumapili ilikuwa na ukungu na baridi ile ya kwetu ya kung'ata masikio. Sebuleni kwa mama mkwe watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi aliyochonga Method, wamejifunika makoti na mablanketi, watoto wamekaa chini mbele kabisa. Katekista Alfonsi, mzee mwembamba mwenye haraka ya kila kitu, alikuwa na chupa ya maji ya baraka miguuni, maana baada ya hapo alikuwa aende kunyunyizia zizi jipya. Tukasali, tukaimba, mama mkwe akasimama akasema, "Mkwe wangu ametuletea maisha ya mtakatifu." Amesema mkwe wangu! Mbele ya watu! Nikabonyeza kitufe.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Msomaji akasema kitu cha usiku na giza, nikatafsiri, "Anasema dunia ilikuwa gizani." Katekista akatikisa kichwa, "Kweli kabisa." Mwanamke akaanza kulia, nikasema analilia dhambi zake, wamama wakaguna kwa huruma. Halafu, jamani, joka likanguruma! Ngurumo ya kweli, hata vikombe kabatini vililia, watoto wakarukia mapaja ya mama zao, na mimi mwenyewe nikasisimka kuliko wote, maana nililisubiri tangu kaseti ya kwanza. Nikapaza sauti, "Mtakatifu anachomoa upanga wake! Analiambia joka, ondoka!"

Ila joka halikuondoka. Joka likaongea, tena kwa sauti ile ile nzito ya yule mwanamume wa kuumwa kifua, na mimi hapo ndipo nilipoelewa, mbele ya jumuiya nzima, kwamba yule bwana na joka ni mtu mmoja. Hakuna wa kumuua mwenzake. Upanga ulikuwa wa mapambo.

"Linasema nini?" akauliza mama mkwe.

"Linaomba msamaha, mama."

"Joka?" Katekista alisogeza kiti. "Joka limetubu?"

"Limetubu. Sasa wanalibatiza."

Ikanyesha mvua kwenye kaseti, nikashukuru, nikasema hayo ndiyo maji yenyewe. Lakini baada ya mvua hakuna maneno tena. Ni kuhema. Mwanamke anahema, joka linahema, nguo zinachakarika, halafu sauti za midomo, mwa, mwa, na Kiingereza chote duniani kisingeweza kunisaidia.

"Na hapo?" Mama mkwe aliuliza polepole.

"Wanasali, mama."

Kulikuwa na bibi mmoja kikongwe, shangazi yake Method, amekaa kona karibu na moto, muda wote tukidhani amesinzia. Akasema bila kufungua macho, "Sala hiyo naijua. Ndiyo niliyozalia watoto wangu wote."

Benchi la nyuma likaanza kutikisika. Nikaruka kuzima redio, kwa kiwewe nikakamata kitufe cha sauti, nikakizungusha kulekule kwa kuongezea, kuhema kukajaa nyumba nzima mpaka kuku wakakimbia mlangoni. Na ndipo betri za tangu Idi zikaamua kuchoka. Ile sauti ya mwanamke ikashuka, ikalegea, ikawa ya mwanamume, kisha ikawa ya kitu ambacho si mtu wala mnyama, "ooo-mmm-aaa," kama ng'ombe anayezama kwenye tope. Watoto wakapiga yowe.

"Shetani!" Katekista Alfonsi alisimama. "Shetani yumo humo ndani!"

"Hapana, mzee, ni betri!"

Hakusikia. Alifungua chupa akaimiminia redio maji yote, hakubakiza hata tone la zizi. Ikafanya chwaaa, ikanyamaza.

Kisha nikasikia kicheko ambacho sijawahi kukisikia. Alikuwa Method, kajikunja juu ya benchi lake mwenyewe, machozi yanamtoka, na alipoanza yeye nyumba nzima ikaanguka kwa kucheka, isipokuwa watu watatu tu, katekista, mama yake, na mimi. Nikasimama pale nikasema yote kwa sauti ya kufa: si mtakatifu, ni mapenzi, hata kuisikiliza sikuisikiliza, naomba mnisamehe. Nikaikumbatia redio ya watu inayovuja, nikatoka.

Nilikuwa barabarani nasubiri gari la Makambako, nalia, nikijua uchumba umekwisha, ndipo nikaona kwenye ukungu mtu anakuja na kapu kichwani. Mama mkwe. Akatua kapu lenye viazi na maharage, akakaa juu ya jiwe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, mama."

"Uliliogopa joka?"

"Nilikuogopa wewe."

Akavuta khanga akafunika mdomo, na mabega yakaanza kumcheza. Alipotulia akaangalia huku na huku, akanisogelea.

"Haya. Walioana, hawakuoana?"

"Sijui, mama. Redio ilikufa."

"Yule Alfonsi," akasema, "ana haraka mno."

Mama Zuhura nilimweleza huku nimepiga magoti. Alinisikiliza, akashika kiuno: "Yaani Skola, redio yangu mmeibatiza?" Tukaianika juani, ikapona, ila tangu siku hiyo ikawa inakoroma kidogo kabla ya kuongea, naye kila mgeni akimwuliza hiyo redio ina nini, anamsimulia kuanzia mwanzo. Ndoa ilifungwa, msiwe na wasiwasi. Bibi yule wa kona alicheza ngoma kuliko vijana. Na mpaka leo nikipita soko la Njombe kuna wamama wananiita Mke wa Joka, Method anaitika kwa niaba yangu.

Mimi nimeapa. Mtu akinionyesha kitu nisichokijua, hata kama ni mama mkwe, hata kama ni askofu, hata kama anatabasamu namna gani, nasema sijui. Juzi mtu kaniuliza njia ya kwenda benki, nami naijua vizuri kabisa, nikajikuta nimemwambia sijui, aulize mbele.