Panya Ambao Hatukuwagusa

Nilipokuwa namaliza chuo hapa Goma, kazi yangu ya mwisho ilikuwa kutisha panya. Kumi niliwabana mmoja mmoja ndani ya bomba la plastiki kwa nusu saa, kisha nikawatoa damu mkiani mara kadhaa, nione homoni ya hofu inapanda vipi na inashuka vipi. Kumi wengine niliwatoa damu tu bila kuwabana, wawe kipimo cha utulivu; maabarani tuliwaita wasioguswa.

Maelezo ya vitabuni niliyapenda mno. Hofu ikija, ubongo unaziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni. Homoni ikijaa kwenye damu, yenyewe inaurudia ubongo kuuambia basi, imetosha. Halafu ini linaivunja, figo zinaitoa kwa mkojo. Baada ya saa mbili hivi, mnyama amerudi alivyokuwa.

Mama alikuwa amekimbia vita kule Rutshuru, akaja kukaa nami mtaani Katoyi. Alilala na viatu miguuni. Sahani ikianguka jikoni, alishika ukuta. Nilimweleza habari za panya nikiosha vyombo, kwa majivuno ya msomi, nikamwahidi kwamba mwili wake pia utajisafisha.

"Saa mbili?" aliuliza.

"Saa mbili, mama."

"Basi yangu imechelewa sana, mutoto wangu."

Majibu yalipotoka, panya niliowabana walikuwa na homoni nyingi, kama nilivyotarajia. Lakini wale kumi wengine nao walikuwa juu, na hawakushuka. Nililaumu dawa za kupimia, nikalaumu umeme, nikamlaumu hata mlinzi wa maabara. Profesa wangu alifungua daftari langu kwenye safu ya kelele za nje, maana kelele nazo hutisha panya. Kila siku nilikuwa nimeandika: hakuna.

"Wiki ile ya kupima, mabomu haikulia?"

"Ililia, profesa. Lakini mbali, nyuma ya vilima."

Aliniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Sisi hapa, mlio usiotikisa mabati hatuuhesabu. Sikudanganya kwenye daftari. Nilikuwa sisikii tena. Panya walisikia yote.

Aliniambia nitafute panya waliotulia, nianze upya. Nilitaka kumuuliza niwatafute mji gani. Wale kumi tuliwaua pamoja na wenzao, kama inavyofanywa kazi ikiisha.

Nilimkuta mama anachambua maharage. Alikuwa ameyangoja majibu yangu kuliko mimi.

"Zile mapanya zenye hamukugusa, zilitulia?"

Ningeweza kumdanganya, na ningesamehewa. Nilikuwa nimechoka.

"Hapana, mama. Hazikutulia."

Alitoa jiwe kwenye maharage, akaliweka pembeni.

"Na sasa ziko wapi?"

"Tuliziua."

"Afazali," alisema. "Hizo zimetulia."

Nilikaa chini kando yake nikachambua naye. Sikumwahidi kitu kingine tena.