Utepe wa Leokadia

Katika ukoo wa Gawrych, pale mjini Łowicz, hakuna aliyewahi kukataa kuwa mama wa ubatizo. Kumkataa mtoto ni kumtakia nuksi na kujipaka matope mbele ya mji mzima. Kwa hiyo Leokadia, mwalimu mstaafu wa kemia, alipoombwa kumsimamia mjukuu wa kaka yake, alikubali papo hapo. Hakusema kwamba wiki hiyohiyo ya ubatizo alikuwa na miadi hospitali.

Jumatatu akameza kidonge cha iodini yenye mionzi. Iodini hiyo hukimbilia tezi ya shingoni na kuziunguza seli za saratani zilizosazwa na kisu cha upasuaji. Ila kwa muda mgonjwa naye hutoa mionzi, kama jiko linavyotoa joto. Daktari alimruhusu kurudi nyumbani kwa masharti ya kukaa mbali na watu: watu wazima mita mbili, mtoto mchanga mita tatu, wiki tatu nzima.

Jumapili, kanisani, alizipima mita tatu kutoka kwa mtoto kwa futi ya mshonaji, akasimama.

"Shangazi, sogea basi," alinong'ona Ziemowit, baba wa mtoto. "Hang'ati huyu, hana hata jino."

"Nipo sawa hapa."

"Mama wa ubatizo lazima amshike mtoto," alisema Padri Wit.

Leokadia akaitazama bendera ya akina mama wa rozari, ile ambayo kwenye maandamano wanawake huzishika tepe zake.

"Padri, anayeshika utepe si ndiye ameshika bendera?"

"Ndivyo tunavyohesabu."

"Basi nifungieni mtoto."

Utepe mmoja ukafunguliwa kwenye bendera, ukafungwa kwenye shali ya mtoto, Leokadia akarushiwa ncha ya pili. Kila mara mtoto alipojinyoosha, alilegeza kidogo, kama mvuvi.

"Mmeona?" jirani yake Pelagia alinong'ona, mnong'ono wa kufika mpaka kwenye kinanda. "Akina Gawrych hao! Mtoto wao wenyewe anawatia kinyaa."

Mwaka mzima Leokadia aliificha saratani ili jina la ukoo lisitafunwe midomoni mwa watu. Sasa lilikuwa linatafunwa bila hata chumvi.

"Pelagia! Nina saratani. Nimemeza mionzi. Kwetu mtoto hakataliwi, wala haunguzwi!"

Ziemowit alikuwa analia waziwazi.

"Shangazi, mbona hukutuambia? Tungeahirisha."

"Mngeahirisha, watu wangeuliza kwa nini."

"Na sasa?"

"Sasa wameshajua. Padri, endelea, maji yanapoa."