Kipimo Chumbani, Mkwe Sebuleni

Kliniki ya wajawazito walinipima wakaniambia sina virusi vya UKIMWI. Nilimshukuru Mungu, mpaka nesi aliponipa kiboksi: "Mpelekee mwenzio, ajipime mwenyewe nyumbani." Mpelekee! Utadhani maandazi. Mume wangu alikuwa mnunuzi wa alizeti, siku nyingi yuko vijijini, analala huko huko, na sikuwa mtoto mdogo nisijue mambo ya huko. Kama yeye anavyo, mimi na huyu wa tumboni tuna usalama gani?

Nilikificha kile kiboksi ndani ya khanga zangu. Niliogopa, tena sana: atanipiga, atasema mimi ndiye niliyeuleta ugonjwa, atanirudisha kwetu na tumbo langu. Mwisho nikachoka kuogopa peke yangu. Asubuhi moja, kabla hajanywa chai, nikakiweka mbele yake.

"Kwa hiyo mgonjwa ni mimi?"

"Sijasema hivyo. Mimi nimeshapima. Umebaki wewe."

Akakichukua kile kiboksi, akakigeuzageuza. Hapo nikajua na yeye anaogopa, maana mume wangu yule si mtu wa kuacha ugomvi njiani.

Akajipangusa ufizi wa juu na wa chini kwa kijiti kilichokuwa ndani ya kiboksi, akakitumbukiza kwenye kichupa chenye maji yake, tukakiacha juu ya meza chumbani. Karatasi ilisema usome baada ya dakika ishirini, lakini zikipita arobaini usisome tena. Mstari mmoja, huna. Miwili, nenda hospitali ukapimwe upya.

Hata hatujakaa, hodi! Baba mkwe huyo, kashuka kwenye bodaboda kutoka Ilongero, jogoo mkononi. Jamani, siku zote hizo asije, aje leo?

"Shikamoo baba," nikapiga goti.

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

Kwetu mzee hakatizwi, na mwanawe hanyanyuki baba akiwa anaongea. Na mzee huyu akianza kuongea, umekwisha. Alianza na mvua, akaja kwenye mavuno ya uwele, akafika kwa ng'ombe wake aliyepotea. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Dakika ishirini zikapita, ng'ombe bado anatafutwa. Nilipompa maji, yakamwagika.

"Una homa, mwanangu?"

"Hapana baba, ni uchovu tu."

Ningeweza kuingia chumbani mimi, nani angeniuliza? Lakini nilitaka kujua na sikutaka kujua.

Arobaini zilipokaribia, ghafla mume wangu akasimama, baba yake yuko katikati ya neno, akaingia chumbani na kufunga mlango.

"Naongea na nani mimi?" mzee akafoka. "Ndivyo mnavyoishi hapa?"

Nilisikiliza mlango ule. Hakukuwa na sauti yoyote.

Alipotoka hakurudi kwenye kiti. Aliketi chini, karibu na miguu ya baba yake.

"Nisamehe, baba. Naomba kesho unisindikize hospitali."

Mzee alimtazama mwanawe, akalitazama tumbo langu. Nilisubiri matusi. Hata ni ugonjwa gani hakuuliza.

"Kesho ya nini?" akasema, anainuka. "Twende sasa hivi."

Ndipo mume wangu aliponigeukia.

"Na wewe uje," akasema. "Wakupime tena."

Nilianza kutafuta viatu vyangu nyumba nzima, na nilikuwa nimevivaa.