Barua ya Mwalimu Niliyoichana

Kosa ni langu peke yangu, wala simsingizii mtu. Jina langu silitaji, maana hapa kisiwani Chole ukikohoa upande huu, wa upande ule anakupa pole.

Baba alipofariki aliniachia minazi na mdogo wangu mmoja, Seif. Seif ana akili. Alimaliza shule ndogo ya hapa kwetu, akachaguliwa kwenda shule kubwa ya serikali huko mrima, ng'ambo ya bahari. Loo, furaha niliyoiona!

Mwalimu wake, mtu wa Bagamoyo, akaniita. Akasema kule elimu ya maumbile, yaani mambo ya maji, moto, hewa na mizani, ina madarasa mawili. La chini linaanza mwanzo. La juu ni la wanaojua hesabu za vipande, nusu na robo na thuluthi.

"Seif aanze la chini, bwana. Mwaka mmoja tu, kisha atapanda."

"Na mpwa wako?" nikamwuliza, maana mpwa wake naye alikuwa anakwenda.

"Yeye la juu."

Basi! Wa kwake juu, wa kwangu chini! Nikajiambia, huyu anataka mpwa wake awe karani wa boma, na ndugu yangu ambebee sanduku. Tangu hapo nikawa namchunguza. Akicheka, naona ananicheka mimi. Siku moja nilimkuta barazani na Seif, wakanyamaza nilipofika. Wamenyamazia nini?

"Seif, alikuwa anakwambia nini?"

"Hesabu, kaka. Ananionyesha vipande. Kaka, mimi mwenyewe nataka la chini. Vile vipande bado sivijui."

Nikamtazama. Nikasema moyoni, maneno haya kafundishwa.

Mwalimu akanipa barua ya Seif kwenda nayo kwa mkubwa wa ile shule. Niliifungua. Naam, imeandikwa la chini. Nikaichana! Nikaandika nyingine kwa mkono wangu, la juu, nikatia jina la mwalimu. Astaghfirullah! Nikampa Seif, akapanda meli asijue alichobeba.

Barua zake zikawa zinakuja: hajambo, anatusalimu. Hata hizo nilizishuku! Nilidhani yule mpwa anamwambia la kuandika.

Mwaka haujesha, Seif akarudishwa nyumbani, amekonda. Mkubwa wa shule alikuwa ameandika bomani kwamba mwalimu wetu amesema uongo, amempeleka darasa la juu mtu asiyeliweza. Tukaitwa sote. Mwalimu akaonyeshwa barua, akasema si mkono wake. Hawakumsadiki. Nami nimesimama pale pale, ulimi wangu mzima, nikanyamaza! Akatolewa kazini.

Siku anafunga mizigo nilikwenda kwake. Nikamwuliza juu ya mpwa wake. Akanijibu bila hasira kwamba yule kijana alikwisha soma miaka miwili huko mrima kabla ya kuja kwetu, vipande alivijua zamani. Kisha akanitazama, akarudi kwenye mizigo yake.

Je, alijua? Mpaka leo sijui. Sasa watu wawili wakinong'onezana msikitini, nasema wananiteta mimi.

Seif tunakausha nazi naye shambani. Kule wenzake walikuwa wakimcheka kila alipoitwa mbele kupima maji, akashindwa. Juzi nikamwambia, "Mdogo wangu, mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, kaka," akasema, akaendelea kuvunja nazi.

Najua gazeti hili ninaloliandikia husomwa bomani. Basi wasome: yule mwalimu hakusema uongo, ile barua niliiandika mimi. Watakaonitambua na wanitambue, nimechoka!

Na ninyi wenye watoto na wadogo zenu, darasa la chini si tusi. Ukimshuku mwalimu, nenda kamwulize usoni, umsikilize mpaka amalize. Na mtoto akikwambia kwa kinywa chake kwamba jambo fulani halijui, msadiki! Wallahi, msadiki siku hiyo hiyo.