Mtihani wa Majani

Wifi yangu Levina alikuwa na macho ambayo kijiji chetu kizima cha Usinge kilikuja kuyaazima. Ukishakausha tumbaku yako banini, unamwita aje akuchambulie madaraja, maana ukichanganya rangi kwenye robota moja, mteuzi wa madaraja siku ya soko anakushusha bei bila huruma. Levina anakaa mlangoni penye mwanga, jani mkononi: hili limau, hili chungwa, hili kahawia, huku anakutania. Mimi Recheli, dada mkubwa wa mumewe, sikumsifu hata siku moja. Leo ndiyo namsifu, mjinga mimi.

Sukari aliambiwa anayo miaka sita iliyopita. Vidonge alimeza vilipopatikana. Mwaka jana, mwezi wa tatu, daktari wa macho alikuja zahanati, mama mmoja mpole, akampima. Akasema sukari imeharibu mishipa nyuma ya jicho, aende Tabora ndani ya mwezi huo akachomwe kwa mwanga maalumu kabla damu haijavujia ndani.

"Usisubiri uone giza," alimwambia. "Ukiliona, umeshachelewa."

Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Sasa sikia tulichofanya. Kwenda Tabora ni nauli ya watu wawili, mahali pa kulala na tiba yenyewe, na bima hatuna. Hela huku tunaiona mara moja kwa mwaka, tumbaku ikiuzwa. Ndugu yangu Vedasto alikuwa na maksai mmoja tu wa kulimia.

"Ningemuuza," akasema. "Lakini dada, wewe unamwona huyu haoni?"

Hapo ndipo mdomo uliponiponza. "Tumpime wenyewe," nikasema. Nikaingia banini, nikabeba majani ishirini, machache kutoka kila rundo alilokwisha kuchambua, nikayavuruga, nikamtupia mapajani.

"Wifi, mnanipa mtihani?" Levina akacheka. Akayapanga yote haraka haraka. Vedasto akakagua moja moja. Hakuna kosa.

"Haya, kipofu wako huyo!" nikasema. "Daktari anatafuta wateja tu."

"Lakini wifi, yule mama alisema..."

"Alisema, alisema! Umeolewa na daktari?"

Akayakusanya majani mapajani. Vedasto akasema watakwenda tumbaku ikiuzwa, na maksai akabaki zizini, akinenepa.

Mwezi wa sita, siku tatu kabla ya soko, Levina aliniita. "Wifi, mbona masizi yanaelea humu ndani? Nani kawasha moto?" Moto haukuwepo. Nilijua pale pale ni ile damu aliyoisema daktari. Akaniomba nisimwambie mumewe mpaka soko lipite, asije akaacha kazi ikaharibika. Nami, Mungu anisamehe, sikumwambia. Marobota ya mwisho aliyachambua kwa jicho moja, shingo kaipinda.

Mteuzi hakushusha bei ya hata robota moja. Watu wakampongeza Vedasto, na jioni ile ndipo tukamwambia. Malipo yakachelewa wiki saba, kila siku tukiambiwa ni kesho, na wiki hizo saba zikalichukua na jicho la pili.

Huko Tabora daktari alimulika, akazima taa yake, akasema angefika mwezi wa tatu angesaidiwa. Vedasto akatoa bahasha mfukoni, akaishika kwa mikono miwili. "Hela ninayo, daktari. Ninayo yote." Daktari akamwambia airudishe mfukoni.

Juzi jirani yetu Nikolaus kaja na mzigo wake wa tumbaku achambuliwe, kwa mazoea tu, maskini, kisha akakumbuka akaona haya. Levina akamwambia akae. Akachukua jani, akalipapasa, akalinusa, akanigeuzia uso.

"Wifi, hili rangi gani?"

Nikalitazama juani, nikalitazama kivulini.

"Limau," nikasema.

"Una uhakika?"

Sikuwa nao. Miaka yote hii nimeishi na tumbaku, na limau na chungwa sijawahi kuvitofautisha. Na mimi ndiye niliyempima macho.