Unasoma Wapi?

Siku yangu ya kwanza kazini nilijibu swali moja vibaya, na jibu hilo likanishikisha ufagio kwa miaka mitatu.

Mkutubi Mkuu wa maktaba yetu hapa Kisumu alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kalamu mbili mfukoni: nyeusi ya kuandikia, nyekundu ya kusahihisha makosa ya wengine. Aliniuliza, "Unasoma?" Nikamjibu, "Hapana, Bwana. Niliacha." Nilidhani anauliza kama bado niko shule. Nilikuwa nimetoka kidato cha pili baada ya kumzika baba, kisha mama, na nyumbani Mamboleo wadogo zangu wanne walikuwa wakiniangalia mimi. Kumbe yeye alitaka kujua kama ninaweza kusoma. Akaandika kwa kalamu nyekundu: hasomi. Nikapewa ufagio na kitambaa cha vumbi.

Sikumsahihisha. Mtu mwenye wadogo wanne hamsahihishi mkubwa wake siku ya kwanza.

Ninyi mliozoea kutafuta kila kitu kwa simu, ngoja niwaeleze kazi ilivyokuwa. Kila kitabu kilivaa nambari mgongoni kulingana na mada yake. Mifugo ilikuwa 636, uvuvi 639. Kila kitabu pia kilikuwa na kadi yake kwenye kabati la droo ndogondogo, na kabati hilo ndilo tuliloliita katalogi. Msomaji alianza kwenye kadi, akanakili nambari, ndipo akaenda kwenye rafu. Kitabu kilichorudishwa pasipo pake kilikuwa kimepotea, hata kama kimo humo humo ndani. Kwa hiyo kila asubuhi mfanyakazi mmoja alipita rafu kwa rafu akikagua kwamba nambari zimefuatana. Kazi hiyo iliitwa kusoma rafu, na mimi, hasomi, sikuruhusiwa kuigusa.

Lakini ukipangusa vumbi mgongo kwa mgongo, macho huwezi kuyafumba. Nikikuta kitabu cha kuku katikati ya samaki, nilikirudisha kwa kuku wenzake. Asubuhi moja Mkutubi Mkuu akawa amesimama nyuma yangu.

"Nani amekuambia hicho kinakaa hapo?"

"Nambari yake, Bwana."

"Wewe si ulisema husomi?"

"Niliacha shule, Bwana. Kusoma sikuacha."

Kisha akaenda ofisini, akarudi na faili langu na ile kalamu nyekundu. "Basi sahihisha mwenyewe," akasema. Kalamu hakuidai tena.

Nikaingia kwenye rafu, baadaye kaunta, penye muhuri wa tarehe. Halafu Msimamizi wa Huduma za Nje akanituma Usenge, kando ya ziwa, na sanduku la vitabu, mara moja kila mwezi. Wanawake waliokuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, walinicheka. "Nyar taon," binti wa mjini, waliniita, "sisi hatusomi. Peleka vitabu hivyo kwa watoto." Nikalitambua jibu langu la zamani. Tangu hapo sikumuuliza mtu mzima kama anasoma. Niliuliza, "Unatafuta nini?" Mmoja alitaka kujua kwa nini omena zake zinaharibika msimu wa mvua, nikamfungulia kitabu cha kukausha samaki, nikamwazima. Mwezi uliofuata kilirudi kinanuka omena jalada hadi jalada. Msimamizi alinung'unika. Mimi nilifurahi, kwa sababu ule ulikuwa muhuri ambao hakuna msomaji anayeweza kuughushi.

Kompyuta zilipokuja, kabati la kadi likahamishiwa stoo. Niliona uchungu, sitaficha. Lakini Meneja mpya, mwanamke kijana tuliyemwita Madam, alisema jambo ambalo nililiona kwa macho yangu: watu waliokuwa hawajawahi kuvuka mlango wetu sasa walipanga foleni. Walitaka kujaza fomu za kazi, za vyeti, za vyuo. Nikajifunza kuchapa kwa vidole viwili, na viwili vilinitosha.

Alasiri moja, stima ikiwa imepotea mtaa mzima wa Kondele na saiba zote za intaneti zimefungwa, aliingia Achieng, muuza omena wa pale sokoni. Sisi tulikuwa na sola. Alikuwa mkubwa wa nyumba yake, yatima kama mimi, na alikuwa anamwombea mdogo wake nafasi katika chuo cha uuguzi. Maombi yalikuwa yanafungwa siku hiyo saa kumi na moja jioni, na ilikuwa saa kumi kasoro robo.

Mfumo mpya ulikuwa umeingia wiki hiyo, na ili utumie kompyuta ilibidi kwanza usajiliwe. Mhudumu wa kaunta akamuuliza kama mashine ilivyotaka: "Unasoma wapi?"

"Mimi sisomi," Achieng akasema, akachukua kikapu chake, akatoka.

Nilimfuata mbio na magoti yangu haya, nikamkuta getini, nikamrudisha kwa mkono. Madam akaitwa. Akatuonyesha kisanduku cha shule kimegeuka chekundu kwenye skrini, akaniambia:

"Mama, mfumo haukubali kikiwa kitupu. Na mimi siwezi kuandika uongo."

"Usiandike uongo, Madam. Akikaa pale atasoma maswali, ndipo ayajibu. Andika jina la maktaba hii. Anasoma hapa."

Madam aliniangalia, akaiangalia saa ya ukutani, akaandika. Kisanduku kikawa kijani. Saa kumi na dakika arobaini fomu ilikuwa imekwenda. Mdogo wake yumo chuoni sasa, na Achieng mwenyewe alirudi wiki iliyofuata, akasimama kaunta bila kikapu. "Mama, nimekuja shule," akasema. Tukacheka wote.

Madam aliwaandikia mafundi wa mfumo wakiondoe kile kisanduku. Hawakukiondoa. Waliweka orodha ya kuchagua, na neno la kwanza kwenye orodha ni Hapa. Wamelichagua mafundi cherehani, wavuvi na waendesha boda.

Nilipostaafu nilirudisha funguo, muhuri na beji. Kalamu nyekundu nilibaki nayo. Watu huniuliza kama maktaba zitakufa. Mimi nimeona rafu zikipungua na watu wakiongezeka, na sijaona kifo hapo.

Juzi nilikwenda kujisajili kama msomaji. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi. Mhudumu alikuwa mgeni, hakunijua.

"Mama, unasoma wapi?"

Swali hilo nimelisubiri tangu kidato cha pili.

"Hapa," nikamwambia.